Kiashiria na Chanzo: Historia ya Vipimo vya Inflamesheni katika Damu ya Watoto Wenye Malaria Kali Barani Afrika, 1978–2015

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna watafiti walivyopima, walivyofasiri na walivyojaribu kutumia viashiria vya inflamesheni katika damu ya watoto wa Afrika wanaougua malaria kali. Mjadala unajikita katika protini moja, TNF, iliyoonekana mwishoni mwa miaka ya 1980 kuwa ufunguo wa malaria ya ubongo, na katika jaribio la tiba lililofanyika nchini Gambia ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1996. Hoja kuu ni kwamba kushindwa kwa jaribio hilo kulilazimisha uwanja mzima wa utafiti utenganishe mambo mawili yaliyokuwa yamechanganywa: kiashiria cha ugonjwa na chanzo cha ugonjwa. Insha inaonesha pia kuwa utenganisho huo haukukamilika, na kwamba gharama ya mkanganyiko huo ililipwa na watoto wagonjwa.

1.0 Utangulizi

Katika pwani ya Kenya na Tanzania, mtoto mwenye homa anayekakamaa, kupindua macho na kupoteza fahamu husemwa kuwa amepatwa na degedege. Simulizi za wenyeji hulihusisha tukio hilo na ndege au pepo apitaye juu ya mtoto. Tiba ya hospitali hulitazama tukio hilo hilo kwa jicho jingine: mara nyingi huliona kuwa dalili ya malaria kali inayosababishwa na kimelea Plasmodium falciparum. Hata hivyo, swali la mama na swali la daktari hukutana mahali pamoja. Kwa nini watoto wengi wa kijiji kimoja huwa na vimelea katika damu na wakaendelea kucheza, ilhali mmoja wao huzimia na kufa katika muda wa siku moja au mbili?

Uzito wa swali hili haujapungua. Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, malaria iliua watu wapatao 597,000 mwaka 2023. Takriban asilimia 95 ya vifo hivyo vilitokea katika Kanda ya Afrika, na sehemu kubwa ya waliokufa walikuwa watoto wenye umri wa chini ya miaka 5. Wengi wa watoto wanaofikishwa hospitalini wakiwa na malaria ya ubongo hupewa dawa inayoua vimelea ipasavyo, lakini baadhi yao hufa hata hivyo. Pengo hilo kati ya kufa kwa kimelea na kupona kwa mtoto ndilo lililowafanya watafiti waitazame upya damu ya mtoto na kutafuta humo alama za mwitikio wa mwili wake mwenyewe.

Neno inflamesheni linatumika hapa kwa maana ya mwitikio wa kinga dhidi ya madhara au vijidudu, mwitikio ambao huleta joto, wekundu, uvimbe na maumivu. Viashiria vyake ni protini na kemikali nyingine zinazoongezeka au kupungua katika damu wakati mwitikio huo unapoendelea. Baadhi yake ni saitokini, yaani protini ambazo chembe za kinga huzitumia kupelekeana ujumbe.

2.0 Nadharia mbili za kale

Alphonse Laveran alikiona kimelea cha malaria katika damu ya askari huko Constantine, Algeria, tarehe 6 Novemba 1880. Miaka michache baadaye, mnamo 1886, Camillo Golgi wa Italia alionesha kwamba homa huja wakati chembe nyekundu zilizojaa vimelea zinapopasuka. Uchunguzi huo ulidokeza kuwa kuna kitu kinachomwagika katika damu wakati wa mpasuko, na kwamba kitu hicho ndicho kinachouchochea mwili kupata joto. Hata hivyo, hapakuwa na njia ya kukitambua.

Kuhusu kuzimia na kifo, zilijengeka nadharia mbili. Ya kwanza ilitokana na uchunguzi wa maiti uliofanywa na wanapatholojia wa Italia, wakiwamo Ettore Marchiafava na Amico Bignami, mwishoni mwa karne ya 19. Wao waliona mishipa midogo ya ubongo imejaa chembe zenye vimelea, wakahitimisha kuwa damu ilizibwa njia. Nadharia ya pili ilitetewa na Brian Maegraith wa Liverpool katika kitabu chake cha mwaka 1948 kuhusu michakato ya kipatholojia katika malaria. Yeye alisisitiza kuwa madhara mengi hutokana na vitu vinavyozunguka katika damu na kuvuruga viungo vya mwili, kama ilivyo katika mshtuko unaofuata maambukizi mengine makali.

Nadharia ya Maegraith ilikosa kitu cha kushika mkononi. Tangu mwaka 1930 kilikuwapo kiashiria kimoja cha inflamesheni, protini iitwayo CRP, kilichogunduliwa na William Tillett na Thomas Francis katika damu ya wagonjwa wa nimonia huko New York. Lakini CRP hupanda katika maradhi mengi mno. Kupanda kwake huonesha kwamba mwili unapambana na jambo fulani. Hakuoneshi kinachomuua mgonjwa.

3.0 Kuzaliwa kwa dhana ya saitokini katika malaria

Mwaka 1975 kundi la watafiti la New York, akiwamo Lloyd Old, lilieleza protini inayotolewa na mwili wa mnyama aliyechomwa sumu ya bakteria. Protini hiyo iliweza kufisha uvimbe wa saratani kwa panya, nayo ikapewa jina linaloelezea kazi hiyo, ambalo hufupishwa kuwa TNF. Miaka 3 baadaye, mwaka 1978, Ian Clark wa Australia alichapisha hoja kwamba ugonjwa wa malaria na kifo cha kimelea vinaweza kutokana na mchakato mmoja, ule unaofanana na mwitikio wa mwili kwa sumu ya bakteria. Hoja hiyo ilimrejesha Maegraith katika mjadala, safari hii akiwa na molekuli zinazoweza kupimwa.

Kabla ya hapo tiba ya kupunguza inflamesheni ilikuwa imetumika kwa kubahatisha. Deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi, ilitolewa kwa wagonjwa wa malaria ya ubongo kwa imani kwamba ingepunguza uvimbe wa ubongo. Mwaka 1982 David Warrell na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Thailand kwa wagonjwa 100 waliozimia. Dawa hiyo haikuokoa maisha; wagonjwa walionusurika baada ya kuipewa walikaa muda mrefu zaidi bila fahamu, na matatizo kama vile nimonia na kutokwa damu tumboni yalikuwa mengi zaidi. Somo la Thailand lilikuwa wazi, lakini lingeweza kufasiriwa kwa namna mbili: ama inflamesheni haikuwa chanzo, ama steroidi haikuwa silaha sahihi. Watafiti wengi wa muongo uliofuata waliifuata tafsiri ya pili.

Ushahidi wa maabara uliwatia moyo. Mwaka 1987 Georges Grau na wenzake wa Geneva walionesha kuwa panya walioambukizwa aina fulani ya vimelea hawakupata ugonjwa wa ubongo iwapo walichomwa kingamwili inayoizuia TNF. Kwa panya, basi, TNF haikuwa alama tu. Ilikuwa kiungo cha lazima katika mnyororo wa ugonjwa.

4.0 Damu ya watoto wa Blantyre na Gambia

Hatua iliyofuata ilikuwa kupima damu ya watoto. Mwaka 1989 Grau, pamoja na Malcolm Molyneux, Terrie Taylor na wenzao waliofanya kazi Blantyre, Malawi, walitoa matokeo ya watoto 65 wenye malaria. Kiwango cha TNF kilikuwa kikubwa zaidi kwa watoto waliokufa kuliko waliopona, nacho kiliambatana na dalili nyingine za hatari, kama upungufu wa sukari katika damu na wingi wa vimelea. Mwaka uliofuata Dominic Kwiatkowski na wenzake walitoa taarifa ya kufanana na hiyo kutoka Gambia: TNF ilikuwa juu kwa wenye malaria ya ubongo kuliko wenye malaria ya kawaida, na juu zaidi kwa waliokufa.

Inafaa kutambua mambo mawili kuhusu tafiti hizi. Kwanza, ziliegemea kazi ya kitabibu iliyofanyika kandokando ya kitanda cha mgonjwa. Bila kipimo cha kiwango cha kuzimia kilichoandaliwa Blantyre mahususi kwa watoto wadogo wasioweza bado kuzungumza, namba za maabara zisingekuwa na kitu cha kulinganishwa nacho. Pili, zilionesha uhusiano, hazikuonesha usababishi. Mtoto mwenye vimelea wengi waliojificha katika mishipa yake atakuwa na TNF nyingi kwa sababu vimelea wengi wanapasuka. Je, anauawa na TNF, au anauawa na vimelea huku TNF ikihesabu tu ukubwa wa mzigo wake? Damu iliyochukuliwa mara moja, mtoto alipofika hospitalini, haikuweza kulijibu swali hilo.

Ushahidi wa kijenetiki ulielekea kuitetea TNF. Mwaka 1994 William McGuire na wenzake walionesha kuwa watoto wa Gambia waliorithi kutoka kwa wazazi wote wawili umbo fulani la sehemu inayoongoza jeni la TNF walikuwa na hatari kubwa zaidi, karibu mara 7, ya kufa au kubaki na ulemavu mkali wa neva kutokana na malaria ya ubongo. Kwa kuwa mtoto huzaliwa na jeni lake kabla ya kuumwa na mbu, uhusiano huo haukuweza kuelezwa kuwa ni matokeo ya ugonjwa. Hoja ya usababishi ilionekana kukaribia kukamilika.

5.0 Jaribio la Gambia na matokeo yake

Jaribio la tiba lilikuwa tayari limeanza. Uchunguzi wa awali uliochapishwa mwaka 1993 ulionesha kwamba kingamwili dhidi ya TNF hupunguza homa ya watoto wenye malaria ya ubongo. Kwa maneno mengine, TNF ilithibitishwa kuwa na mkono katika homa, kama Golgi alivyokuwa amedokeza bila kuijua. Lililobaki lilikuwa kuonesha kwamba kinachopunguza homa hupunguza pia vifo.

Matokeo ya jaribio kubwa yalichapishwa mwaka 1996 na Michael Boele van Hensbroek na wenzake. Watoto 610 wa Gambia wenye malaria ya ubongo waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa kingamwili pamoja na dawa ya malaria, na kundi la pili lilipewa kipozauongo pamoja na dawa ya malaria. Katika kila kundi alikufa takriban mtoto mmoja kati ya watano. Zaidi ya hayo, miongoni mwa walionusurika, ulemavu wa neva ulionekana mara nyingi zaidi kwa wale waliopewa kingamwili kuliko kwa wale waliopewa kipozauongo.

Matokeo haya ndiyo kiini cha historia inayojadiliwa hapa. Watafiti walitoa maelezo mbalimbali. Huenda kingamwili ilichelewa, kwani mtoto hufika hospitalini baada ya mchakato wa ugonjwa kuanza saa nyingi nyuma. Huenda iliishikilia TNF ndani ya mzunguko wa damu na kuirefushia muda wa kufanya kazi. Huenda pia TNF iliyo katika damu si ile inayofanya madhara ndani ya mishipa ya ubongo. Kila maelezo yana mantiki yake, lakini yote yanakubali jambo moja: kupima kitu katika damu na kukiona kimepanda hakutoshi kumpa tabibu kibali cha kukizima.

Dawa nyingine iliyodhaniwa kupunguza TNF, pentoksifilini, ilipitia njia kama hiyo. Utafiti wa watoto wa Burundi uliochapishwa mwaka 1995 ulidokeza kuwa inafupisha muda wa kuzimia. Jaribio lililofuata nchini Thailand halikuona faida, na dawa hiyo haikuingia katika mwongozo wa tiba.

6.0 Kutoka wingi hadi mizani

Baada ya mwaka 1996 swali lilibadilika. Badala ya kuuliza ni saitokini ipi mbaya, watafiti walianza kuuliza kuhusu mizani kati ya zile zinazochochea na zile zinazotuliza inflamesheni. Mwaka 1998 Jørgen Kurtzhals na wenzake waliripoti kutoka Ghana kwamba watoto wenye upungufu mkali wa damu uliotokana na malaria walikuwa na kiwango kidogo cha interleukini-10, saitokini inayotuliza, wakilinganishwa na wenye malaria ya ubongo. Mwaka 1999 Caroline Othoro na wenzake walipata sura ya namna hiyo magharibi mwa Kenya: uwiano mdogo wa interleukini-10 kwa TNF uliambatana na upungufu wa damu. Kwa hiyo TNF ya kiwango kile kile ingeweza kuwa na maana tofauti kwa watoto wawili, kutegemea kilichokuwa kikiisawazisha.

Mchango wa Dar es Salaam katika mabadiliko haya ni mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilidhaniwa kuwa TNF humzimisha mtoto kwa kuchochea uzalishaji wa oksidi ya nitriki kupita kiasi ndani ya ubongo. Mwaka 1996 Nicholas Anstey na wenzake walichapisha vipimo vya watoto 191 wa Tanzania. Matokeo yalikuwa kinyume cha matarajio: uzalishaji wa oksidi ya nitriki ulikuwa mkubwa kwa watoto wenye vimelea wasiokuwa na dalili, na ulikuwa mdogo kwa wenye malaria ya ubongo. Kemikali iliyoshukiwa kuwa mshambuliaji ilionekana sasa kuwa mlinzi. Laiti tiba ya kuizuia oksidi ya nitriki ingetolewa kwa kuifuata nadharia pekee, huenda ingewanyang'anya watoto kinga waliyokuwa nayo.

7.0 Je, kila mtoto alikuwa na malaria ya ubongo?

Mkanganyiko mwingine ulihusu utambuzi wenyewe wa ugonjwa. Katika maeneo ambako watoto wengi wenye afya wana vimelea katika damu, mtoto aliyezimia kwa sababu nyingine anaweza kuhesabiwa kuwa ana malaria ya ubongo. Mwaka 2004 Taylor na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maiti za watoto huko Blantyre. Kati ya watoto 31 waliokidhi vigezo vya malaria ya ubongo walipokuwa hai, 7 walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine. Alama iliyotenganisha vizuri makundi hayo haikuwa katika sampuli ya damu. Ilikuwa mabadiliko katika retina ya jicho, ambayo tabibu aliyefunzwa anaweza kuyaona kando ya kitanda.

Athari ya ugunduzi huo kwa historia ya viashiria ni nzito. Ikiwa karibu robo ya waliokufa hawakuwa na ugonjwa uliodhaniwa, wastani wa viwango vya saitokini katika tafiti za awali huenda ulichanganya maradhi zaidi ya moja. Maambukizi ya bakteria ni mfano. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2011 na Anthony Scott na wenzake ulionesha kuwa malaria yenyewe huongeza uwezekano wa mtoto kupata bakteria katika damu. Mtoto mwenye maradhi yote mawili atakuwa na CRP na TNF za juu, na kipimo pekee hakitamwambia daktari kama antibiotiki inahitajika.

8.0 Kutoka tiba hadi utabiri

Wakati huohuo, kazi mpya ya viashiria ilianza kujengeka: kutabiri ni mtoto yupi yu hatarini zaidi. Kigezo cha kulinganishia kilikuwa kimekwisha kuwekwa Kilifi. Mwaka 1995 Kevin Marsh na wenzake walichambua watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria, wakaonesha kuwa kupungukiwa fahamu na kupumua kwa shida huwatambua wengi wa walio katika hatari ya kufa. Ishara hizo hazihitaji maabara. Kiashiria chochote cha damu kinachodai nafasi katika wodi ya Afrika Mashariki hakina budi kuonesha kwamba kinaongeza kitu juu ya macho na masikio ya muuguzi.

Mwaka 2011 Laura Erdman na wenzake walionesha, kwa damu ya watoto wa Uganda, kwamba viashiria kadhaa vikiunganishwa hutabiri kifo vizuri kuliko kimoja kimoja. Miongoni mwake ni anjiopoietini-2, ambayo hutolewa wakati ukuta wa ndani wa mishipa ya damu unaposhtuliwa. Kuingia kwa kiashiria hicho kulizikutanisha nadharia mbili za kale: mahali vimelea vinaponata ndipo mwitikio wa mwili unapowaka.

Hata hivyo, kishawishi cha zamani hakikuisha. Jaribio la Jinja, Uganda, lililochapishwa mwaka 2015 na Michael Hawkes na wenzake, liliwapa watoto wenye malaria kali gesi ya oksidi ya nitriki ya kuvuta, kwa kufuata mantiki iliyotokana na tafiti kama ule wa Dar es Salaam. Matokeo makuu yaliyopimwa yalikuwa badiliko la anjiopoietini-1 katika damu. Gesi haikukibadilisha kiashiria hicho kuliko kipozauongo. Mtiririko uliojulikana ulijirudia: upungufu ulionekana, ukajazwa, na ugonjwa ukabaki pale pale.

Kilichopunguza vifo katika kipindi hicho kilikuwa dawa bora ya kuua vimelea. Jaribio la AQUAMAT lililochapishwa mwaka 2010, lililohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwamo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, lilionesha kuwa vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa waliopewa artesuneti na asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini. Aidha, mwaka 2015 Karl Seydel na wenzake walionesha kwa picha za sumaku zilizopigwa Blantyre kwamba uvimbe mkubwa wa ubongo uliambatana na vifo vingi vya watoto wenye malaria ya ubongo. Hoja ya uvimbe, iliyokuwa imewapotosha watumiaji wa deksamethasoni, ilirudi ikiwa na ushahidi mpya, lakini bila kibali cha kuirejesha tiba ile ya zamani.

9.0 Hitimisho

Historia hii inaonesha kwamba viashiria vya inflamesheni vimewahi kubebeshwa kazi tatu tofauti: kueleza ugonjwa, kuelekeza tiba na kutabiri kifo. Katika kazi ya kwanza vimefanikiwa kwa kiasi kikubwa. Uhusiano wa TNF na homa ni mfano. Katika ya tatu vina matumaini, ilimradi vishindane kwa haki na ishara ambazo muuguzi anaziona bila gharama. Katika ya pili havijaleta faida iliyothibitishwa kwa uhai wa mtoto, na mara moja, Gambia, tiba iliyojengwa juu ya kiashiria iliambatana na ongezeko la ulemavu.

Lawama haiwastahili waliofanya jaribio la Gambia. Wao ndio waliolipima wazo kwa bahati nasibu na kwa kipozauongo, na kwa hiyo wakalizuia lisiingie wodini kama desturi, jinsi deksamethasoni ilivyokuwa imeingia. Hoja inayobaki kwa watafiti wa leo ni ya kimbinu na ya kimaadili kwa pamoja. Kila tone la damu ya mtoto aliyezimia hutolewa kwa idhini ya mzazi aliye katika hofu. Idhini hiyo inamdai mtafiti aeleze, kabla ya sindano kuchomwa, ni ipi kati ya kazi hizo tatu anayokusudia kipimo chake kiifanye, na ni ushahidi gani utakaomfanya akubali kuwa hakiwezi kuifanya.